Nyumba na Vyote Vilivyomo

Hezekia alikuja kumzika baba yake akiwa amevaa viatu vyeusi, na hakuvivua hata alipopita zizini. Watu waliona. Hakuna aliyesema kitu, maana karani wa bohari la pamba huko Musoma si mtu wa kuambiwa vua viatu, lakini jioni ile kila mji, yaani kila boma, pale kilimani ulizungumza habari ya viatu kabla ya kuzungumza habari ya marehemu.

Marehemu mwenyewe, Mzee Waitara, alikuwa amelala upande mmoja kwa miaka. Kiharusi kilimkuta anafunga lango la zizi, kikamchukua mkono, mguu na nusu ya mdomo. Aliyemgeuza, aliyemlisha uji, aliyemtoa juani na kumrudisha kivulini alikuwa binti yake, Ghati. Hezekia alituma blanketi. Lilikuwa blanketi zuri, la kijivu, siwezi kulisema vibaya. Mdogo wake Hezekia, Machage, aliyekuwa anakaa ng'ambo ya bonde tu, mahali ambapo ukimwita kwa nguvu anaitika, alikuja mara kwa mara kuangalia ng'ombe. Baba alikuwa amelazwa kwenye njia ya kwenda zizini, kwa hiyo naye alisalimiwa.

Baada ya watu kunyolewa na waombolezaji kupungua, Hezekia aliita kikao cha watoto wa marehemu, ambao walikuwa hao watatu. Yeye alikaa kwenye kiti cha baba. Machage alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Ghati alisimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mama yake, Mokami, ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa, alikuwa ndani karibu na mafiga, na mlango ulikuwa wazi.

"Sasa," akasema Hezekia, "mambo ya baba yamekwisha. Yamebaki ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" akauliza Ghati.

"Kwani wapo wengine?" akasema Machage.

"Hao ni wa nyumba ya mama. Baba alisema mbele ya Mzee Magige, mnajua. Alisema nyumba ya Mokami ni ya Ghati, asiiguse mtu."

Hezekia alitabasamu, lile tabasamu la watu wa ofisini linaloanza kabla hujamaliza kusema. "Nani amekataa? Nyumba ni yako. Kaa. Umefukuzwa?"

"Nyumba pamoja na ng'ombe wake."

"Alitaja ng'ombe?"

"Alisema nyumba."

"Basi."

Hapa inanibidi nieleze, kwa ajili ya wasiojua kwetu. Kwa Mkurya nyumba si miti na udongo peke yake. Mwanamke akiolewa anawekewa nyumba, na nyumba hiyo ni yeye, watoto wake, shamba lake na ng'ombe wake. Mzee Waitara alioa wake wawili, kwa hiyo mji wake ulikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bhoke, mama yao Hezekia na Machage, ambaye alikufa wakati Machage bado yuko mgongoni. Ya pili ilikuwa ya Mokami, ambaye aliwalea wale wavulana wawili pamoja na Ghati, mtoto pekee aliyemzaa. Ng'ombe wa nyumba ya Bhoke walikwisha zamani: walimsomesha Hezekia, wakawaolea wake Hezekia na Machage. Waliobaki zizini walikuwa wa Mokami.

Na nyumba ikikosa mtoto wa kiume haifi hivihivi. Binti mwenye nyumba anatoa ng'ombe, anaoa msichana, msichana anazaa na mwanamume anayechaguliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Hilo ndilo alilolitaka Ghati. Yeye aliolewa, akakaa bila mtoto, akarudishwa kwao kama sufuria iliyotoboka, na baba yake akarudisha mahari bila kunung'unika. Tumaini lake lilikuwa hilo moja tu. Pasipo ng'ombe hakuna msichana, pasipo msichana hakuna mtoto, na siku Mokami atakapokufa mlango wake utafungwa na jina lake litapotea. Hezekia aliyajua haya yote. Aliyajua kwa Kikurya. Ila miaka ile alikuwa anafikiri kwa Kiswahili.

"Machage anataka kuhamia Morotonga, kwenye mashamba mapya," alisema. "Atalima na nini? Mimi nina watoto shuleni. Wewe una nini? Mdomo wako na wa mama. Ghati, tusigombane."

"Sigombani."

"Tufungulie zizi basi."

Ghati alikwenda akasimama langoni. Alikuwa mwembamba, lakini lango lenyewe lilikuwa jembamba pia.

"Loo!" Machage akasema. "Twende barazani huko."

Wakaenda barazani.

*

Baraza lilikuwa chumba kimoja chenye bati, na mvua ikinyesha kesi ilisimama kwa sababu hakuna aliyesikilizana na mwenzake. Siku ile haikunyesha. Hakimu alikuwa Mzee Kisyeri, mwenye wake wawili, yaani mwenye nyumba mbili kwa maana ile ile niliyoieleza. Karani alikuwa kijana mmoja aitwaye Method, mtu wa Ukerewe, mwenye mwandiko wa kupendeza na asiyejua Kikurya hata cha kuombea maji. Mambo yote yaliandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu majalada yalikwenda kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Asiyejua Kiswahili alifasiriwa na Mseti, tarishi wa baraza, ambaye ndiye pia aliyefagia.

Hezekia alisimama akazungumza Kiswahili cha kunyooka, kile cha kusema "kwa mujibu wa" na "hata hivyo". Watu waliokuwa madirishani walitikisa vichwa kwa kufurahia, ingawa wengi hawakuelewa. Alipomaliza, aliomba ruhusa ya kumuuliza Ghati swali moja.

"Ni kweli kwamba baba alipokuwa mgonjwa, wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha?"

Mseti alilifasiri kwa sauti ya chini. Binti kumwona baba yake uchi ni aibu kubwa kwetu, haizungumzwi hata kwa mzaha, na hapa mtu alikuwa anaiuliza mbele ya wakwe, wajukuu na wapita njia.

Ghati alitazama chini. "Ndiyo," akasema.

"Bila haya?"

"Haya nilikuwa nayo. Kulikuwa na mwingine wa kumwogesha?"

Mzee Kisyeri alisema swali hilo halihusiani na kesi. Machage alianza kukagua kucha zake moja moja. Lakini lilikuwa limeshasemwa, na kuanzia siku ile wapo wanawake waliokuwa wakimpisha Ghati njiani kwa namna ambayo si ya heshima.

Akaitwa shahidi, Mzee Magige. Ndiye aliyekuwepo siku Waitara alipotamka maneno yake, na ndiye jirani pekee aliyekuwa akija kukaa na mgonjwa bila kutumwa. Alikuwa mtu mwema kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa amepigana vita vya Bama, yaani Burma, katika Keya, jeshi la Waingereza, na siku ya baraza alivaa koti lake la jeshi lenye nishani.

"Mzee, utasema kwa Kikurya," hakimu akamwambia, "Mseti atafasiri."

"Mimi?" Magige aliuliza, akamtazama Mseti tangu miguu hadi kichwa. "Mimi nalipiga vita Bama. Bwana meja nasema na mimi Kiswahili, mimi nasema na yeye Kiswahili. Leo nataka mtu ya kusema kwa mdomo yangu? Hapana!"

Watu walifurahi. Mseti alirudi kwenye benchi, akakunja mikono. Ghati aliinama mbele. "Tata Magige," akamnong'oneza kwa Kikurya, akimwita baba, "sema tu kwetu. Nakuomba."

"Nyamaza, mtoto. Naweza."

"Marehemu alisema nini?" akauliza hakimu.

"Yeye nasema, nyumba ya Mokami ni ya Ghati. Mtu hapana gusa."

Method akaandika. Hezekia akasimama taratibu, akamwinamia mzee. "Shikamoo, baba yangu."

"Marahaba, mura, kijana yangu."

"Naomba unisaidie, maana mimi ni mtoto. Nyumba ni nini?"

Magige alifungua mdomo. Kwa Kikurya angezungumza mpaka ng'ombe warudi malishoni: angeanzia siku Mokami alipoletwa, ng'ombe gani aliwekewa, nani alizaa nani, nani alikula nini. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Keya. Kilikuwa na mbele, nyuma, bunduki, chakula na kambi. Alitafuta humo ndani, watu wakamsubiri, jasho likaanza kumtoka chini ya nishani.

"Nyumba ni nyumba," akasema mwisho. "Ni kitu ya kulala."

Wakacheka mpaka wa nje. Magige naye akacheka, akidhani amewafurahisha.

"Mahali pa kulala," Hezekia akarudia polepole, akimgeukia karani. "Naomba iandikwe hivyo. Nyumba ni mahali pa kulala."

Method aliandika, akapiga mstari.

Mzee Kisyeri alikohoa. Alijua kabisa, jamani, alijua kuliko wote mle ndani. Lakini mwaka uliopita alirudishiwa jalada lenye wino mwekundu likimtaka afuate ushahidi ulioandikwa na si ule anaoujua yeye, na wino ule ulimkosesha usingizi. Akauliza kama Hezekia ana la kuongeza.

"Mimi si mtu wa roho mbaya, Mheshimiwa. Ni dada yangu. Apewe nyumba na vyote vilivyomo. Vyungu, mawe ya kusagia, masizi." Akageukia madirishani. "Hata panya!"

Wakacheka tena. Method aliuliza kama hilo nalo liandikwe. Hezekia akasema liandikwe, isipokuwa panya. Hukumu ikatoka kabla ya mchana: Ghati binti Waitara apewe nyumba ya mama yake na vyote vilivyomo, ng'ombe waende kwa Hezekia na Machage.

Nje, Mzee Magige alimsubiri Ghati. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Nimesema vizuri?" akamuuliza.

"Umesema vizuri, tata," Ghati akajibu.

Njiani alilia bila kujificha, kwa sauti, wanawake waliokuwa wanapalilia mtama wakasimama kumtazama. Alipofika karibu na kwao alijifuta uso kwa upindo wa nguo, akaingia kwa mama yake.

"Wamesemaje?" Mokami akauliza.

"Wamenipa nyumba."

"Si ndivyo baba yako alivyosema?"

"Wamenipa nyumba ya Kiswahili, mama."

"Ndiyo ikoje hiyo?"

"Haina ng'ombe."

Mokami alisukuma kuni katikati ya mafiga. Halafu akaomba ugali, akala, akasema umeiva vizuri.

*

Siku ya kukabidhi, Hezekia alifika alfajiri na Machage pamoja na Mseti tarishi, kwa sababu alitaka kuwahi lori la Musoma. Umande ulikuwa bado haujakauka. Ng'ombe walikuwa zizini, hawajakamuliwa wala kufunguliwa. Ghati alikuwa anafagia mlangoni.

Mseti alikohoa, akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya serikali. Alipomaliza aliikunja, halafu akaikunjua tena, maana alikuwa mtu wa kufuata kazi. "Nyumba naiona," akasema. "Sasa vilivyomo." Akainama, akaingia.

Walimsikia ndani akimsalimia Mokami, shikamoo mama, na Mokami akiitikia. Halafu Mseti akatoa kichwa nje.

"Na hawa?"

"Hawa nani?" akauliza Hezekia.

"Ndama."

Mnajua nyumba za kwetu. Ukiingia, upande mmoja kuna kijumba kimezungushiwa fito, na ndama wote wa mama mwenye nyumba hulala humo, mbali na fisi na mbali na maziwa ya mama zao. Walikuwa wamejaa tele mle, mwaka ule ng'ombe walizaa vizuri. Ghati aliacha kufagia. Hakuwa amewafikiria hata kidogo, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Watoe hao," Hezekia akasema. "Hao ni wa zizini."

"Lakini wamo," akasema Mseti.

"Wamo, ndiyo, lakini hawakai humo. Mchana wako malishoni. Humo wanalala tu."

Mseti aliikunjua karatasi mara ya tatu, akaisogeza kwenye mwanga. Alisoma huku midomo ikicheza. "Hapa imeandikwa nyumba ni mahali pa kulala," akasema. "Imepigiwa mstari."

Jogoo mmoja aliwika kwa kuchelewa.

"Mura, usinifanyie utani," akasema Hezekia.

"Utani wa wapi? Mimi natumwa. Ningefasiri siku ile ningejua walisema nini, lakini sikufasiri. Mimi nasoma kilichoandikwa. Kama hakikupendezi, kata rufani."

Hezekia alitazama upande lori linakotokea. Akajikaza, akacheka kidogo. "Haya, abaki nao. Vitoto vya ng'ombe! Machage, fungua zizi."

Machage alikuwa mchungaji tangu utoto. Alimtazama kaka yake, akatazama ndama. Kubishana na Hezekia kulikuwa kunachosha. Akafungua zizi, wakawaswaga ng'ombe kuteremka bondeni, na ndama ndani ya nyumba wakaanza kulia wote kwa pamoja.

*

Ng'ombe wetu si ng'ombe wa kizungu. Hatoi maziwa kwa sababu umemshika chuchu. Kwanza ndama wake aje, anyonye kidogo, maziwa yashuke, ndipo umsogeze ndama pembeni na kukamua chako. Ndama asipokuwepo, anakubana, na ukizidi anakupiga teke. Efrazia, mke wa Machage, alilijua hilo, lakini aliambiwa akamue, akakaa na kibuyu chake. Teke la kwanza lilivunja kibuyu. La pili silisemi, yule mama bado ana heshima zake.

Siku nzima ng'ombe walilia kuelekea ng'ambo. Ndama wakawajibu. Jioni walivunja ua wa miiba wa Machage wakashuka bondeni kwa mstari, wakapanda, wakaizunguka nyumba ya Mokami wakiwa na viwele vimevimba kama ngoma. Ghati hakuwaita. Alitoka akawatazama, akawafungulia ndama. Angefanyaje, awaache wafe kwa njaa? Wakanyonya. Kilichobaki akakamua, akampelekea mama yake.

Asubuhi Machage akaja na fimbo. "Unakamua ng'ombe wangu!"

"Nakamua na ndama wangu," akasema Ghati. "Hata mimi sijui hesabu yake inakuwaje. Kaka, chukua uwapeleke."

Akawapeleka. Jioni wakarudi. Akajenga ua mpya, wakauvunja upande mwingine. Ilifika mahali watu wakikutana naye njiani hawamuulizi habari za nyumbani, wanamuuliza, "Leo umewalaza wapi?" Watoto walimtungia jina, wakamwita Msindikiza Ng'ombe. Alipowapeleka wawili mnadani, mnunuzi alishika kiwele, akauliza ndama yuko wapi, akaambiwa yuko kwa dada, akacheka, akaenda kwa mwingine. Ng'ombe mmoja kiwele kikaanza kutoa usaha. Machage alimpenda sana yule ng'ombe. Usiku ule hakula.

Akamtumia Hezekia habari, Hezekia akaja akiwa na hasira ya nauli.

"Nakata rufani," akasema. "Nakwenda mwenyewe kwa Bwana Shauri, Tarime."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia baraza limepotoka. Nyumba si mahali pa kulala tu! Kila Mkurya anajua. Nyumba ina vitu vyake vingi ambavyo..."

"Endelea," akasema Machage. "Ina vitu gani?"

Hezekia aliitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Ukisema nyumba ni mahali pa kulala, ndama ni wa Ghati na sisi tunabaki na viwele vilivyooza. Ukisema nyumba ni nyumba, ng'ombe wote ni wa Ghati." Machage alitema mate chini. "Wewe ndiye msomi. Mimi nimechoka. Nenda ukazungumze naye, mimi miguu yangu imeisha."

*

Hezekia alikwenda mchana, peke yake. Njiani alikuwa amepanga la kusema. Angemwambia Ghati wagawane, ng'ombe kwa ndama wake, nusu huku na nusu huku, na kwamba yeye kama mkubwa amemsamehe. Alikuwa amelipanga kwa Kiswahili, akaona linapendeza.

Aliingia bila kupiga hodi, kama alivyoingia maisha yake yote. Mokami alikuwa amekaa kwenye ngozi, mgongo ukutani. Ghati alikuwa anapepeta ulezi. Hezekia alipita moja kwa moja hadi kwenye kile kibaraza cha udongo kando ya mafiga, mahali pake tangu utoto, akaanza kuinama akae.

"Ghati," Mokami akasema, "mpe mgeni kiti."

Hezekia aligeuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu mlangoni.

"Mgeni gani, mama?"

"Ghati, hujasikia? Mgeni amesimama."

"Mama, ni mimi. Ni Hezekia."

"Nakuona. Kilichonikataa ni miguu." Mokami alikuwa anazungumza polepole, bila kupandisha sauti. "Hapo ulipotaka kukaa ndipo nilipokuwa nakukalisha nikikutoa funza. Ulikuwa unapiga kelele, mji mzima unasikia. Mama yako alipokufa nilikutafunia nyama, maana ulikuwa unang'oka meno. Sijasahau. Lakini nimesikia yaliyosomwa hapo mlangoni. Walisema nyumba ni ya Ghati na vyote vilivyomo. Mimi nilikuwamo, kwa hiyo mimi ni wa Ghati. Ndama walikuwamo. Wewe hukuwamo."

Ghati aliweka ungo chini. Alitoa kigoda kutoka pembeni, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka katikati ya nyumba, mahali wanapokalishwa wageni. Hezekia alikitazama kwa muda. Kisha akakaa. Ghati akammiminia maziwa kwenye kata, akainama kidogo, akampa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akapokea. Akanywa yote, kwa kuwa mgeni haachi.

Halafu alilia. Sitamficha. Alilia akiwa amekaa wima kwenye kigoda, mtu mzima mwenye kalamu mfukoni, na hakuna aliyemwambia nyamaza, na hakuna aliyesogea kumshika.

Alipomaliza akasema, "Ng'ombe wabaki. Wote. Nitakwenda barazani niseme mwenyewe, na nitasema kwa Kikurya, Mseti afasiri."

"Machage atachukua yule maksai wa kulimia," akasema Ghati. "Hana ndama. Morotonga hawezi kulima kwa fimbo."

"Nitamwambia."

"Na yule mwenye kiwele kibovu amlete. Nitamkanda kwa maji ya moto."

Ndama mmoja alikuna shingo kwenye fito. Hezekia akauliza, akitazama kata tupu, "Utaoa lini?"

"Baada ya mavuno. Kuna watu wa Nyamwaga wamekubali kusikiliza."

"Vizuri. Nitaomba ruhusa kazini. Kaka ndiye anayepeleka ng'ombe wa mahari, nitakuja nisimamie."

Ghati alimtazama mama yake. Mokami alikuwa amefumba macho, amepumzika, kana kwamba maneno yale hayakuwa ya kwake.

"Utaalikwa," akasema Ghati.

Hezekia alisimama. Alimuaga Mokami kwa heshima zote, mama akamjibu vizuri, akamwombea safari njema. Alipotoka nje alitembea haraka, akasikia nyayo nyuma yake, akageuka. Ghati alikuwa anamfuata. Ndugu hasindikizwi kwetu. Anakuja, anaondoka, wewe unaendelea na kazi zako. Hezekia alitaka kumwambia arudi, lakini hakupata namna ya kulisema. Wakapita zizi, wakapita kaburi la baba yao, wakafika mahali njia inapoanza kuteremka bondeni. Ghati akasimama hapo, akampa mkono.

"Karibu tena," akamwambia.